Chatu ndani ya pipa: mambo ya kujua kabla ya kumshika

Wakati wa mavuno ya mpunga, msimu uliopita, mwanachama mmoja wa koperative ya bonde la Ruzizi alikuta chatu mchanga kwenye majani makavu pembeni ya mfereji. Wenzake walikuwa wamekwisha kuinua mapanga. Yeye akawazuia. Akamfunga ndani ya gunia, akamleta nyumbani, akamwingiza kwenye pipa la chuma na kufunika kwa ubao wenye jiwe juu yake. Mpango wake ulieleweka: depo ya koperative ilijaa panya, na sumu ya panya ilikuwa imeua kuku wa jirani. Akafikiri huyu chatu atafanya kazi ya paka.

Siku ya tatu akanipigia simu. "Agronome, hii nyoka iko na kichwa mubaya. Kila nikifungua, inaniruka. Nimeitupia bapanya babili, haikugusa hata moya. Iko mugonjwa ao iko na mashetani?"

Nilipofika nilikuta pipa liko kando ya jiko, linapigwa na jua toka asubuhi mpaka saa sita. Watoto walikuwa wanaligonga kwa fimbo ili kusikia nyoka akipuliza. Ndani, wale panya wawili walikuwa wazima kabisa, na mmoja alikuwa ameanza kumtafuna chatu mgongoni. Nyoka mwenyewe alikuwa amejikunja chini, shingo imepindwa kama herufi S, anatuangalia.

Ugonjwa hakuwa nao. Alikuwa na woga, alikuwa na joto la kupita kiasi, na hakuwa na mahali pa kujificha. Tangu siku ile watu wengine watatu wameniuliza maswali ya namna hiyo, na mmoja wao alikuwa amekwisha kumleta nyoka ndani ya nyumba ya kulala. Ndiyo maana ninaandika.

Kwanza, ni chatu kweli?

Hapa kwetu jina linachanganya. Wanaosema Kilingala wanamwita nguma, na wengi wanatumia neno la Kifaransa, boa. Lakini boa mkubwa anayesemwa vitabuni ni wa Amerika. Huyu wa kwetu ni chatu wa Afrika, wataalamu wanamwita Python sebae. Ukishuka upande wa Katanga kuna ndugu yake wa karibu, Python natalensis. Wote wawili hawana sumu. Wanaua kwa kujiviringisha na kukaza mpaka damu ya mnyama inashindwa kutembea.

Hatari ya kwanza ni kumchanganya na kifutu, au na yule nyoka mnene wa msituni mwenye rangi kama zulia, ambaye anafanana na majani yaliyoanguka. Hao wana sumu kali sana. Kifutu ni mfupi na mnene, mkia wake unaisha ghafla, kichwa ni kipana kuliko shingo kama jembe lililochakaa. Chatu, hata akiwa mchanga, mwili wake ni mrefu na unapungua kidogo kidogo. Juu ya kichwa ana alama ya giza yenye umbo la ncha ya mshale, na kwenye midomo ana vishimo vidogo. Ukiwa huna hakika, musimsogelee na musimfunge kwenye gunia. Mtu aliyeumwa na kifutu apelekwe kituo cha afya mara moja, bila kuchanjwa, bila kufungwa kamba, bila kusubiri asubuhi.

Kile anachokiona, na kile asichokisikia

Chatu hana masikio ya nje. Kelele zenu juu ya pipa hazisikii kama sisi tunavyosikia, lakini mtikisiko anaupata kwa mwili wote. Mtoto akigonga pipa, kwa nyoka ni kama ardhi inatetemeka. Ulimi unaotoka na kuingia siyo mwiba, na hauumi. Anaokota nao harufu na kuipeleka kwenye tundu lililo juu ya kinywa, ndipo anajua kama mbele yake kuna panya, mtu, au maji. Na vile vishimo vya midomoni vinapokea joto. Usiku wa giza kabisa anaweza kujua kwamba kitu chenye damu ya moto kimepita mbele yake.

Sasa muangalie jambo hili kwa upande wake. Mkono wako unashuka toka juu, kama vile kozi anavyoshuka. Una joto. Kama asubuhi ulishika kuku au kobayi, una harufu ya chakula. Kwa nyoka, mkono huo ni adui anayetaka kumla, au ni chakula kilicholetwa. Kwa yote mawili jibu lake ni moja: ataruka. Kwa hiyo yule ndugu alikuwa anajiletea taabu kila asubuhi, anafungua, anaingiza mkono, anarushiwa meno, anafunga kwa hasira, kesho anarudia. Kila mara nyoka alijifunza kwamba kuruka kunaondoa mkono.

Siku kumi za kwanza

Chatu aliyetolewa porini anahitaji kuachwa. Namaanisha kuachwa kweli: maji safi kila siku, mahali pa kujificha, kivuli, basi. Musimshike, musimwonyeshe wageni, musifungue mara tano kwa siku. Siku saba ni chache, kumi ni afadhali. Siku hizo anaweza kukataa chakula, na watu wengi wanaogopa kwamba atakufa. Hatakufa. Chatu anaweza kukaa wiki nyingi bila kula, na mkubwa hukaa hata miezi. Jike anayelalia mayai anazunguka mayai yake karibu miezi mitatu bila kula chochote. Kukataa panya siku ya tatu siyo ugonjwa.

Panya mzima asiachwe ndani naye. Nyoka asiye na njaa hajilindi, na panya mwenye njaa anatafuna. Nimeona nyoka wenye vidonda mpaka kwenye mfupa kwa sababu hiyo tu. Panya apewe akiwa amekwisha kufa, ashikwe kwa ufito mrefu au koleo, siyo kwa vidole, na kama hakuguswa mpaka asubuhi aondolewe.

Pipa nalo tulilibadilisha. Tulitengeneza sanduku la mbao lenye wavu wa waya wenye matundu madogo upande mmoja, kifuniko chenye bawaba na kufuli. Kufuli ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri: mahali ambapo kichwa chake kinapita, mwili wote utapita, na usiku mzima kazi yake ni kusukuma kwa pua akitafuta mahali hapo. Upande mmoja wa sanduku ubaki na joto, mwingine uwe baridi kidogo, ili achague mwenyewe. Mwili wake hautengenezi joto kama wetu. Analichukua nje.

Hapa niseme neno kwa wale wa milimani. Bonde la Ruzizi liko chini, karibu na usawa wa Ziwa Tanganyika, mita mia nane hivi. Bukavu iko karibu mita 1.500, na Walungu kuna sehemu zinapita hapo. Yule mtu wa tatu aliyeniuliza alikuwa amemnunua chatu bondeni akampandisha kwake milimani ndani ya mfuko. Nyoka akala panya siku ya tano, kisha akamtapika siku ya nane, ananuka vibaya. Alifikiri panya alikuwa na sumu. Kilichotokea ni baridi. Chatu anahitaji sehemu yenye joto la digrii 30 hivi ili asage chakula. Bila hilo nyama inaoza tumboni, naye anaitoa kabla haijamuua. Wiki mbili baadaye alianza kufungua kinywa na kutoa mapovu puani, yaani mapafu yameshikwa. Yule hakupona.

Kusoma mwili wake

Nyoka hana uso wa kucheka au kununa, lakini mwili wake unasema. Akitembea polepole huku ulimi unatoka mara kwa mara, anachunguza, na hana shida nawe. Shingo ikipindwa kama S na mwili ukasimama kabisa, rudi nyuma, anapima umbali. Akipuliza kwa sauti, anakuonya kabla ya kuuma, na nyoka anayeonya ni wa kushukuru kuliko yule anayenyamaza. Akificha kichwa chini ya mizunguko yake, anaogopa kupita kiasi, funika, ondoka.

Macho yakigeuka kama yametiwa maziwa na rangi ya mwili ikafifia, anakaribia kuvua ngozi. Wakati huo haoni vizuri, na hata chatu aliyezoea anaweza kuuma. Musimshike, musimlishe, mumwekee chombo cha maji cha kutosha kuingia. Baada ya wiki moja au mbili ngozi itatoka. Ikitoka vipande vipande, hewa ilikuwa kavu mno.

Na akila, aachwe siku tatu, nne, mpaka uvimbe wa tumbo upungue. Watu wanapenda kumshika hasa akiwa ameshiba kwa kuwa anaonekana mpole. Siyo upole. Ni mzigo. Ukimsumbua atatapika ili awe mwepesi wa kukimbia.

Kumshika

Yule ndugu alisubiri siku kumi na mbili, ninamsifu kwa hilo. Siku ya tisa nyoka alichukua panya aliyekufa. Siku ya kumi na tano tukaanza.

Nawa mikono kwa sabuni kwanza, kwa ajili ya harufu. Mguse katikati ya mwili kwa fimbo laini, taratibu, mara mbili au tatu. Kidogo kidogo atajifunza kwamba fimbo ikija, chakula hakiji. Kisha ingiza mikono toka ubavuni, siyo toka juu, mmoja chini ya katikati ya mwili, mwingine karibu na mkia. Muinue wote. Usimkabe shingo wala usishike kichwa, maana kinachomtia nyoka wazimu ni kubanwa kichwa. Muache atembee toka mkono huu kwenda huu, kama unapitisha kamba. Dakika tano zinatosha, rudisha. Nawa tena, kwa sababu nyoka na mijusi wanabeba salmonela, na mtoto mdogo nyumbani anaweza kuharishwa na mikono yako hata kama hajamgusa nyoka.

Kamwe asiwekwe shingoni kwa picha. Akipita mita mbili, muwe watu wazima wawili kila mara.

Kama ameuma na kushikilia, usivute. Meno yake yamepinda kwenda nyuma, ukivuta unachana nyama yako mwenyewe na meno yanabaki ndani. Mimina maji baridi kichwani kwake na umsubiri aachie. Kama amejiviringisha, mfungue kuanzia mkia, kwa kuwa nguvu ya mkia ni ndogo na mtu mmoja anaweza kuishinda. Kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni, halafu kituo cha afya, kwa sababu ya tetanosi.

Je, anakuwa rafiki? Hapana. Anazoea. Mbwa anajua jina lake na mlango wa nyumba. Chatu anajua tu kwamba harufu fulani na mkono fulani havijamletea madhara. Ni mazoea ya namna hiyo, na yanaweza kuvunjika siku moja kwa harufu ya kuku.

Ndivyo ilivyokuwa. Wiki ya tano, mtoto wake wa miaka saba alitoka kusaidia kunyonyoa kuku kwa ajili ya wageni. Hakunawa. Akaenda kuonyesha wageni kwamba yeye haogopi, na ufunguo ulikuwa umeachwa kwenye kufuli. Chatu alimshika mkono na kuzungusha mizunguko miwili. Alikuwa na urefu wa mita moja na nusu tu, kwa hiyo wajomba wawili walimfungua haraka, kuanzia mkiani kama baba yao alivyokuwa amewaeleza. Mtoto alitoka na alama za meno nyingi, ndogo ndogo, na woga mkubwa. Yuko mzima.

Jioni ile mama wa nyumba hakupiga kelele. Alisema tu: "Kati ya ile sanduku na batoto, wewe chagula."

Hesabu ambayo ningepaswa kuifanya siku ya kwanza

Nikiri kosa langu. Siku niliyoitwa, nilijibu swali niliyoulizwa, namna ya kumtunza na kumshika, na sikuuliza swali la kwanza: huyu nyoka atasaidia depo kweli?

Chatu mchanga anakula mara moja kwa wiki, au kwa siku kumi. Kwa mwaka mzima ni panya arobaini, hamsini hivi. Panya jike anabeba mimba wiki tatu tu, anazaa sita, nane, wakati mwingine zaidi, na anarudia mara nyingi kwa mwaka. Panya wa depo moja wanamshinda chatu mmoja bila hata kumjua. Zaidi ya hayo, yeye amefungwa, panya wako huru. Kumfungulia ndani ya depo? Atakuwa amelala katikati ya magunia siku mama anaingiza mkono kutafuta mbegu.

Upande mwingine ni ukubwa. Anayezaliwa ana urefu wa nusu mita hivi. Akilishwa vizuri anaweza kufika mita tatu ndani ya miaka michache, na jike mkubwa anapita mita nne, kilo 30 na zaidi. Huyo anameza mbuzi. Na anaweza kuishi miaka ishirini, maana yake mtoto wa leo atakuwa na watoto wake na sanduku bado liko uani. Mwaka 2013, huko Canada, chatu wa aina hii hii ya kwetu alitoroka usiku kwenye nyumba ya mtu aliyemfuga, akapita kwenye bomba la hewa, akawaua watoto wawili ndugu waliokuwa wamelala. Alikuwa na urefu wa mita nne hivi. Hakuwa wa porini, alikuwa amefugwa miaka mingi.

Kuna pia wanaokuja toka mjini kutafuta ngozi, au nyoka hai wa kupeleka nje ya nchi. Chatu wote wako kwenye orodha ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya wanyama wa porini kati ya nchi na nchi. Kumvusha mpaka bila karatasi ni kosa, na anayekamatwa mara nyingi siyo mnunuzi, ni yule mkulima aliyembeba kwenye gunia mpaka barabarani. Kabla ya kumhamisha au kumuuza, muulize ofisi ya mazingira ya teritware au agent wa ICCN aliye karibu.

Shambani hesabu inabadilika. Chatu, na nyoka wengine wanaokula panya, wakiwa huru kando ya mashamba ya mpunga na miwa wanakula panya wa shamba na ndezi, wale panya wakubwa wanaokata mashina usiku, bila kuomba sanduku wala maji. Hawamalizi panya, lakini kila mmoja anayepigwa panga ni mlaji mmoja amepungua. Mukimkuta mbali na nyumba, mzungukeni na mwendelee na kazi. Akiwa karibu na banda la mbuzi au kuku, watoto waondolewe, mtu mmoja abaki kumwangalia kwa mbali, na waitwe wanaojua. Banda lenyewe lizibwe matundu, na majani marefu na marundo ya mawe yaliyo karibu yaondolewe, kwa kuwa hapo ndipo panya wanakaa, naye anafuata panya.

Wa kwetu tulimrudisha. Tulimjulisha chifu wa kijiji na ofisi ya mazingira, tukangoja mpaka amesaga panya wake wa mwisho, kisha tukambeba ndani ya mfuko wa kitambaa, asubuhi, jua likiwa limeanza kuwaka. Hatukumpeleka mbali. Nyoka akitupwa mahali asipopajua hajui mashimo ya kujificha wala maji yako wapi, na wengi wanakufa hivyo. Tulimwachia kwenye vichaka vya kando ya mto, upande usio na nyumba, mwendo wa nusu saa toka ule mfereji. Alikaa dakika kama kumi bila kutikisika, ulimi ukitoka na kuingia. Halafu akaingia majanini, na baada ya hatua tatu hatukuweza tena kumtofautisha na ardhi.

Lile pipa la chuma tulilikata kwa patasi. Lilitoa vipande vya kutosha nguzo sita za depo: kila nguzo imefungiwa kofia ya bati, mita moja toka chini, imetokeza sentimita 25 pande zote, ili panya akipanda akutane na dari asiloweza kulizunguka. Majani yamefyekwa kuzunguka depo, magunia yamewekwa juu ya mbao, mbali na ukuta. Mwanachama yule njo anayekagua kofia hizo kila Jumamosi, na yule mtoto wa miaka saba anashika tochi.